Mlevi Ahukumiwe au Atibiwe? Historia ya Kileo na Bangi katika Nchi ya Shaba

Katika mikutano yetu ya parokia husemwa mara nyingi kwamba ulevi wa lutuku, wa bangi na wa vidonge ni balaa la kizazi hiki. Kwamba wazee wetu wa kambi walikuwa watu wa kiasi, na kwamba mambo yaliharibika siku nidhamu ya kazi ilipokwisha. Anayesema hivyo hakosi kabisa. Lakini anayeifuata historia ya nchi yetu ya shaba hatua kwa hatua ataona kwamba kileo kimetembea na mgodi tangu siku za kwanza. Ataona pia kwamba waliotawala, kila mmoja kwa zamu yake, waliuliza nani aadhibiwe, na mara chache sana waliuliza nani anaumwa.

Tuanze nje kidogo ya Katanga, huko Kasai, kwa sababu wengi wa babu zetu waliojenga kambi walitoka huko. Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann Wissmann, walifika kwa chifu Kalamba Mukenge, katika nchi ya mto Lulua. Walikuta jambo ambalo hawakulitazamia. Watu wa chifu huyo walijiita Bena Diamba, yaani watu wa bangi, na nchi yao waliiita Lubuku, maana yake urafiki. Walikuwa wameteketeza hirizi za kale na kukatazana kubeba silaha kijijini. Walisalimiana kwa neno "moyo", yaani uzima, salamu ambayo jirani zetu wenye asili ya Kasai wanaitumia hadi leo. Bangi ilivutwa kwa pamoja, uwanjani, na mtu aliyefanya kosa aliweza kuhukumiwa avute mpaka azirai. Dada yake chifu, Sangula Meta, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa mambo hayo.

Mtu asiichukue habari hii kuwa sifa kwa bangi. Mabadiliko yale yalileta ugomvi mkali baina ya waliokubali na waliokataa, na ufalme wa Kalamba haukujengwa kwa salamu peke yake. Biashara ya pembe na bunduki ilikuwamo pia. Habari zenyewe tunazipata hasa kwa kalamu ya wageni, ambao hawakuelewa yote waliyoyaona. Hata hivyo inafaa kuikumbuka. Mmea uleule ambao leo kijana anauvuta peke yake gizani ili auue woga wake, ulikuwa huko na saa yake, mahali pake, na macho ya jamii nzima juu yake. Wala haukuzaliwa kwetu. Neno bangi lenyewe lilisafiri kutoka Bara Hindi pamoja na majahazi ya Bahari ya Hindi, kisha likapanda bara kwa miguu ya wapagazi.

Dola ya Mfalme Leopold, ambayo watu wetu waliiita Bula Matari, haikuyatazama mambo hayo kwa udadisi wa wasafiri. Mwaka 1903 ilitoa amri ya kukataza bangi ya kuvuta. Kuhusu pombe kali, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kukubaliana huko Brussels mwaka 1890 kuzuia biashara yake katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaongeza ukali. Sheria hizo zilikuwa na nia mbili, na si haki kuificha hata mojawapo. Wako waliosukumwa na dhamiri: wamisionari na wapinga utumwa walikuwa wameona pwani ya magharibi jinsi jini ya Ulaya ilivyogeuzwa kuwa fedha ya kununulia watu na mali, na walitaka kuliokoa bara. Wako pia waliotaka tu mikono isiyotetemeka asubuhi. Mwajiri anapomkataza mfanyakazi pombe, mara nyingi anailinda saa ya kazi kabla ya kulilinda ini la mtu.

Ushahidi ni huu: chupa ileile haikukatazwa kwa Mzungu. Hadi katikati ya miaka ya 1950, Mkongomani wa kawaida hakuruhusiwa kununua pombe kali kihalali katika nchi yake mwenyewe, ilhali katika klabu za Wabelgiji wiski ilimiminwa kila jioni. Sheria inayopima kileo kwa rangi ya ngozi haimfundishi mtu kiasi, inamfundisha kujificha. Ndipo pipa na bomba la shaba vikaanza kufanya kazi usiku nyuma ya nyumba, kwa mahindi na mihogo, na lutuku ikashika njia yake. Wazee wetu walikuwa na munkoyo, kinywaji chepesi cha unga wa mahindi na mizizi, ambacho mtu angeweza kukinywa baada ya kulima na bado akasimama. Lutuku ni kitu kingine kabisa. Pombe iliyokenekwa vibaya au kuchanganywa na spiriti za viwandani huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Na kwa kuwa imetengenezwa mafichoni, hakuna anayeipima.

Sasa tuje kwenye mgodi wenyewe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Vijana waliletwa kutoka Rhodesia, kutoka Lomami na Kasai, baadaye hata kutoka Ruanda-Urundi. Katika miaka ile ya mwanzo waliishi wanaume peke yao, mbali na mama zao na wake zao, na walikufa kwa wingi kwa nimonia, kuhara na homa. Mtu wa umri wenu, aliyezoea kunywa pamoja na wajomba zake siku ya mavuno, alijikuta na sarafu mkononi, Jumamosi jioni, hana mzee wa kumwambia basi. Sidhani historia ya ulevi wa mjini ina chanzo kingine kilicho muhimu zaidi ya hicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Iliona kwamba mfanyakazi anayekaa na familia yake anaishi zaidi na anazalisha zaidi. Ikajenga nyumba za ndoa, hospitali, shule zilizokabidhiwa wamisionari, na ikagawa mposho wa unga kila juma. Katika miaka hiyohiyo kiwanda cha bia kilijengwa Élisabethville, na bia ya Simba ikawa jina la nyumbani. Tazameni mpangilio huo: bia ya kiwandani, inayolipiwa kodi, ikawa starehe ya halali, pombe ya mama wa kambini, anayetafuta fedha ya sabuni na chumvi, ikawa kosa. Kambi zilikuwa na walinzi, na walinzi waliingia nyumbani kutafuta mitungi. Kampuni iliyapima mambo yote, uzito wa watoto, idadi ya siku zilizopotea kazini, na kwa kipimo hicho mlevi alikuwa siku iliyopotea.

Kolwezi yetu ilianzishwa mwaka 1937 katika mpango huohuo, mtaa wa Wazungu upande huu, kambi upande ule. Nani aliimiliki jioni ya mfanyakazi? Lilikuwa swali kubwa kuliko linavyoonekana. Baa iliitaka, mpira uliitaka, na Kanisa pia liliitaka. Hapa kwetu, katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransiskani, alianza na wafanyakazi wa mgodi na wake zao kile kilichoitwa Jamaa: mume na mke waliketi na wengine, wakazungumza juu ya uzima, umoja na uzazi, nyumbani, kwa Kiswahili. Wanahistoria wameandika mengi juu ya mafundisho yake na mabishano yaliyofuata. Mimi kama mwalimu naliona pia jambo dogo ambalo vitabu vinalipita haraka: mtu aliyetumwa siku nzima kama namba alipata mahali pa kusema, na penye watu wa kumsikiliza akiwa na akili timamu.

Mwaka 1967 mgodi ulitaifishwa, na baadaye ukaitwa Gécamines. Watu walisema Gécamines ni baba na mama, nao hawakutia chumvi. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mwezi Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wengi wakifia vituo vya reli. Na mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mshahara ulichelewa miezi, halafu miaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja waondoke. Baba alirudi nyumbani na bahasha, bila kazi, bila hospitali, bila mposho. Hapo ulevi uligeuka sura. Zamani ulifuata mshahara. Sasa ulifuata kukosekana kwake, na mtengenezaji wa lutuku alikuwa mara nyingi mke wa aliyekuwa fundi, akisomesha watoto kwa pipa lilelile lililowaangusha waume wa jirani. Msimlaumu upesi. Alilipia vitabu ambavyo hakuna mwingine aliyevilipia.

Ndipo yakaja mashimo. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliutambua uchimbaji wa mikono, na vijana wakamiminika kwenye shaba na kobalti. Mnajua habari za Kasulo, mwaka 2014, watu walipoanza kuchimba ndani ya viwanja vyao, hata chini ya sakafu za vyumba. Kanuni zinakataza mchimbaji wa mikono kushuka zaidi ya mita 30. Wanaoshuka wanajua kwamba kanuni haiteremki nao. Na kabla ya kuteremka wengi hunywa kileo kikali cha kopo au cha mfuko mdogo, au huvuta, kwa sababu tatu ambazo watazitaja wenyewe ukiwauliza kwa heshima: woga, baridi ya chini, na uchovu. Kileo hakileti ujasiri. Kinalegeza tu ile sauti ya ndani inayomwambia mtu kwamba udongo juu yake umeanza kuteremka. Nchini Tanzania serikali ilipiga marufuku pombe kali ya mifuko, waliyoiita viroba, tarehe 1 Machi 2017, kwa sababu kitu cha bei ya sarafu hufika hata mkononi mwa mwanafunzi.

Inafaa hapa tueleze neno. Ulevi ni hali ya saa chache. Uraibu ni kitu kingine: ubongo uliozoezwa na kileo au dawa hubadilika, ukaanza kuitaka kama mwili unavyotaka maji, na mtu huendelea hata anapoona wazi kwamba anaiangamiza nyumba yake. Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu katika orodha ya magonjwa. Halisemi kwamba mtu hana hiari hata kidogo. Linasema kwamba hiari yake imejeruhiwa, na jeraha halifungwi kwa karipio.

Kanisa nalo lilijifunza jambo hili polepole, na somo moja lilitoka China. Katika karne ya 19 Uingereza ilipigana vita mara mbili kufungua bandari za nchi ile, na biashara ya afyuni ilikuwa kiini chake. Katika nchi iliyojaa afyuni hivyo aliishi tabibu Mkatoliki, Marko Ji Tianxiang, aliyeanza kuitumia kama dawa ya tumbo na akanaswa. Aliungama, akarudia, akaungama tena, mpaka muungamishi akamkatalia maondoleo, akidhani kwamba hatubu kweli. Kwa miaka 30 hivi Marko alikwenda kanisani bila kupokea Ekaristi, na hakuacha kwenda. Mwaka 1900, katika mateso ya Wakristo, aliuawa pamoja na jamaa zake, bila kuikana imani. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Hatusomi popote kwamba alipona afyuni kabla ya kufa. Muungamishi wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa wakati ambapo wengi hawakujua kwamba kuna ugonjwa wa namna hiyo.

Sisi tunajua, na takwimu zipo. Kwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe, na vifo 600,000 vilivyotokana na dawa za kulevya. Wengi sana kati ya waliokufa ni wanaume. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 292 walitumia dawa hizo, na milioni 64 kati yao walikuwa na ugonjwa utokanao nazo. Aliyepata matibabu alikuwa mmoja katika kila 11. Ingekuwa malaria, tungesema dunia imekosa akili.

Kwetu Kongo, Kinshasa ilitushtua mwaka 2021 kwa unga ulioitwa bombé. Ulisemekana kupatikana kwa kusaga kauri iliyo ndani ya ekzosi za magari, ile yenye chembe za platini na paladi, na kuchanganywa na vidonge vya hospitali. Vijana walionekana barabarani wamesimama wameinama, hawaendi mbele wala nyuma, kama saa iliyokwisha ufunguo. Wezi walikata ekzosi usiku. Mwezi Agosti rais aliagiza hatua zichukuliwe, na polisi wakawaonyesha hadharani watu karibu mia moja, wauzaji na watumiaji wamekalishwa pamoja. Picha ile yafaa itazamwe tena. Muuzaji na mgonjwa waliketi katika mstari mmoja, na mstari huo ni wa zamani sana katika nchi yetu, unaanzia 1903.

Je, kuna njia nyingine? Tuwatazame ndugu zetu wa pwani, wenye lugha hii hii tunayosalia. Heroini ilifika Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1980, kwa njia ileile ya bahari iliyoleta bangi karne nyingi kabla. Mwanzoni ilivutwa, baadaye ikadungwa, na Virusi vya UKIMWI na homa ya ini vikasafiri ndani ya sindano. Mwaka 2005 watafiti waliandika jambo la kuogofya kutoka Dar es Salaam: mtu aliyekwisha kujidunga alivuta damu yake katika bomba la sindano akampa mwenzake asiye na fedha, ili apate mabaki ya dawa yaliyomo. Walifanya hivyo kwa huruma, mmoja kumwokoa mwingine na maumivu ya kukosa. Watu hao huitwa mateja, na kwa muda mrefu walipigwa, wakafungwa, wakachomwa moto kama wezi.

Lakini mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni. Mgonjwa huja kila siku, hunywa kipimo chake cha maji ya dawa mbele ya muuguzi, na kile kiu cha heroini hutulia bila kumlevya, hata aweze kufanya kazi na kulala nyumbani. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Kenya ikaanza mwaka 2014, Zanzibar mwaka 2015. Methadoni haiwasaidii walevi wa pombe wala wavuta bangi, na wako wanaoacha kliniki na kurudi maskani. Hata hivyo dirisha lile la dawa linafunguliwa kila asubuhi, pamoja na Jumapili, na anayelisogelea huitwa kwa jina lake.

Upande wetu kuna historia fupi ambayo wengi hawaijui. Huko Gent, Ubelgiji, wagonjwa wa akili walifungwa minyororo katika chumba cha chini cha ngome ya kale. Mwaka 1815 Padri Petro Yosefu Triest, mwanzilishi wa Mabradha wa Upendo, aliwatoa humo. Daktari Joseph Guislain, aliyefanya kazi pamoja naye tangu mwaka 1828, aliandika kanuni za kuwahudumia kama wagonjwa: kazi nyepesi, hewa, usafi, maneno ya upole. Mabradha hao ndio walioanzisha Lubumbashi kituo cha magonjwa ya akili kinachoitwa kwa jina la Guislain, na waraibu hupokewa humo pamoja na wengine. Nasema hivi kwa sababu minyororo haijaisha. Ziko nyumba za maombi mijini mwetu ambamo kijana aliyechanganyikiwa kwa bangi au kwa lutuku hufungwa mguu kwenye nguzo, anyimwe chakula kwa jina la mfungo, na familia ikatozwa. Mlevi sugu wa pombe anayenyimwa ghafla, bila uangalizi wa daktari, anaweza kupatwa na degedege na kufa katika siku chache za kwanza. Kifo hicho huandikwa kwa jina la pepo.

Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 300. Familia inayoamua kumpeleka mtoto wake huko hulipa basi kwa watu wawili, kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake, na humbebea unga na shuka. Siku inayofaa ni ile ambayo mwenyewe amekubali kwenda. Huwa haidumu, mara nyingi kufikia jioni imekwisha kupita.